Spika haijapasuka, ndo muziki wenyewe: kuielewa stona roki ukiwa Dar

Mwaka juzi nilipeleka sabufa yangu kwa fundi mmoja mtaa wa Gerezani hapa Dar, shida yenyewe ilikuwa waya wa pawa tu, unashika unaachia. Mzee wa watu akafungua, akachomelea kwa risasi pale palipolegea, akaniambia chomeka simu tusikilize. Nikabonyeza pale nilipokuwa nimeishia njiani, bendi moja ya Uingereza inaitwa Electric Wizard, albamu yao ya mwaka 2000, Dopethrone. Sekunde kumi hazijafika mzee kashazima.

"Mwanangu, hapa tatizo sio waya, koni ya spika imechanika hii."

Nikamwambia hapana mzee wangu, wimbo ndo uko hivyo. Akaniangalia vile wazee wanavyokuangalia ukiwadanganya, akachomoa simu yangu akachomeka ya kwake, taarabu ikatoka safi, kinanda kinalia vizuri kabisa. Akarudisha yangu, mngurumo ule ule. Akakaa kimya kidogo alafu akauliza: "Sasa kama vyombo vyao ni vizima, kwanini wametoa sauti ya kitu kibovu?"

Siku ile nilimjibu hovyo, nilikuwa na haraka na bado alinichaji elfu tano, lakini swali halijaniacha mpaka leo, kwa sababu mzee alipatia kuliko watu wengi wanaojifanya wanaujua huu muziki wa stona roki. Ile sauti kweli ni ya kitu kibovu. Na ukiifuatilia historia yake unakuta karibu kila hatua kuna kitu kiliharibika, mtu akakisikiliza, akaamua asikitengeneze.

Ila kwanza jina, maana jina ndo limevuruga mambo. Stona kwa lugha ya mtaani ya Wamarekani ni mvuta bangi, kwa hiyo ukisema unasikiliza stona roki mtu anakuangalia macho kwanza kama ni mekundu. Ni kama rege tu ilivyoteseka hapa kwetu, mtu akifuga rasta na kusikiliza rege basi mtaa mzima unajua anachovuta, hata kama jamaa ni mwalimu wa shule ya msingi na hajawahi kugusa sigara. Jina hili lilishika miaka ya 1990 na wapigaji wengi wenyewe hawalipendi. Sikatai kwamba bangi imo, nyimbo zinaiimba waziwazi na makava ya albamu yana majani mpaka yanachosha, lakini mi mwenyewe starehe yangu ni chai ya tangawizi na huu muziki unanipiga vizuri tu. Jina linakwambia waliopiga walikuwa wanafanya nini, halikwambii unasikia nini.

Unachosikia kwanza ni uzito, na uzito huo unatengenezwa. Kuna kitu wanaita fazi, kiboksi kidogo cha kukanyaga kwa mguu kinachokaa kati ya gitaa na amplifaya. Chukua mawimbi ya Coco Beach yanavyopanda na kushuka, kila wimbi na kichwa chake cha duara, alafu ujenge dari chini kidogo ya pale vichwa vinapofika. Kila wimbi litagonga dari, kichwa kitakatwa kitabaki bapa. Umeme wa gitaa ukikatwa hivyo sauti inatoka na vumbi, inakwaruza, na tena inadumu, yaani nota moja inaning'inia hewani muda mrefu badala ya kufifia haraka. Ndo maana fundi alisikia koni iliyochanika, koni iliyochanika nayo inaharibu umbo la wimbi kwa njia yake.

Sasa hii fazi ilitoka wapi, hapo ndo patamu. Nashville, Marekani, kwenye studio ya muziki wa kantri, muziki wa watu wa kofia na farasi. Walikuwa wanarekodi wimbo wa Marty Robbins unaoitwa Don't Worry, uliotoka 1961, na gitaa la besi la Grady Martin likapita kwenye chaneli ya mixa iliyokuwa mbovu. Katikati ya wimbo mpole kabisa wa mapenzi inatokea besi inakoroma kama pikipiki iliyotoboka ekzosi. Wangeweza kurudia. Hawakurudia, wakauacha hivyo, na ukapendwa. Mwaka uliofuata, 1962, kukawa na kiboksi dukani kinaitwa Maestro Fuzz-Tone, yaani watu wameuziwa ule ubovu wa mixa kwenye boksi, na 1965 bendi ya Rolling Stones walipokitumia kwenye wimbo wao Satisfaction dunia nzima ikaelewa.

Na kabla hujaona hayo ni mambo ya Wazungu tu, kumbuka mchiriku. Vijana wa uswahilini, kinanda kidogo cha Casio ambacho kwa wenzetu ni cha mtoto kuchezea, wanakipitisha kwenye amplifaya iliyozidiwa na kwenye maspika ya pembe yale yale ya matangazo, sauti inatoka imekunjamana na watu wanakesha. Kundi la Jagwa Music la hapahapa Dar walitoa albamu kule Ulaya 2012, Bongo Hotheads, na ukiisikiliza ile Casio inavyopiga kelele utajua fazi sio lazima ununue pedali. Mzee wangu wa Gerezani nina hakika ametengeneza amplifaya za mchiriku kwenye maisha yake, sijui kwanini sikumkumbusha.

Haya, twende kwenye chanzo chenyewe. Watu watabishana kuhusu mengi lakini hapa hakuna ubishi, ni bendi ya Black Sabbath wa Birmingham, Uingereza. Birmingham ni mji wa viwanda, na mpiga gitaa wao Tony Iommi alikuwa anafanya kazi kiwanda cha mabati. Ana miaka 17, siku yake ya mwisho kazini kabisa, kesho yake haji tena, mashine ikamkata ncha za vidole viwili vya mkono wa kulia, cha kati na kile cha pete. Na yeye anapiga mashoto, kwa hiyo mkono wa kulia ndo wa kubana nyuzi. Angekuwa anapiga kama watu wengi angepoteza kidogo, yeye akapoteza vidole vya kazi. Msimamizi wake wa kiwandani akamletea santuri ya Django Reinhardt, mpiga gitaa ambaye vidole vyake viwili viliharibiwa na moto na bado alikuwa anapiga kuliko wazima. Iommi akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni ya vyombo, akajitengenezea vikofia vya kuvaa kwenye vidole, akavibandika ngozi ili visiteleze, akatafuta nyuzi nyembamba maana nene zilimuumiza.

Albamu yao ya kwanza ilitoka 13 Februari 1970, Ijumaa, wameirekodi kwa kama siku moja tu. Ya pili, Paranoid, ikatoka mwaka huohuo. Lakini ile ambayo mi naiita mama wa stona ni ya tatu, Master of Reality, 1971. Hapo Iommi alilegeza nyuzi nusu-toni tatu chini ya kawaida. Sehemu ya sababu ni zilezile za vidole, uzi uliolegea haukatalii kidole kibovu. Ila matokeo yake ndo muhimu zaidi ya sababu, kwa sababu uzi ukilegea sauti inashuka na inapanuka, inakuwa kama mtu mnene amekaa kwenye kochi lako. Uzi mzito wa gitaa kwa tyuni ya kawaida unatetema mara 82 hivi kwa sekunde, ukiushusha mpaka nota ya C kama walivyokuja kufanya waliofuata unatetema 65. Namba inaonekana ndogo lakini tofauti yake unaisikia kifuani sio masikioni. Albamu yote ni dakika 34 na ushee na inaanza na kikohozi, Iommi mwenyewe anakohoa moshi, wimbo unaitwa Sweet Leaf, na unahusu unachodhani unahusu. Kikohozi hicho nacho ni hitilafu, mtu kapaliwa mashine inarekodi, wakakiweka mwanzo wa wimbo. Ukitaka kujua bendi mia zimetoka wapi, zimetoka kwenye kikohozi kile na rifu inayofuata.

Rifu ni nini, ni kile kipande kifupi cha gitaa kinachorudiwa na kurudiwa mpaka kinakuwa ndo wimbo. Hapa Mtanzania ana faida ambayo mara nyingi haijui. Sisi tumelelewa na Sikinde na Msondo, tunajua wimbo unaanza kwa stori, baadaye unaingia kwenye chemko, magitaa yanashika mzunguko mmoja dakika nne tano na hakuna anayelalamika kwamba wanarudia, kwanza ndo watu wanainuka. Stona roki ni hivyo, ila chemko lake limepunguzwa spidi mpaka limekuwa kama lori la mchanga linapanda mlima wa Kimara gia namba moja. Ukija na sikio la singeli, lile la mapigo 200 na zaidi kwa dakika, utasubiri kitu kitokee na hakitatokea. Kwenye singeli unakimbizwa, huku unakaliwa.

Kuna bendi ya Blue Cheer pia wa San Francisco, nisiwaruke, 1968 walitoa Vincebus Eruptum, watu watatu wenye kelele za watu kumi na watano, waliuchukua wimbo wa zamani wa Eddie Cochran, Summertime Blues, wakaukanyagakanyaga. Wao walileta ukubwa wa sauti, Sabbath wakaleta uzito. Ila baada ya hapo miaka ya 1980 hevi metali, yaani roki ile nzito, ikakimbilia kwenye spidi, nani anapiga nota nyingi kwa sekunde, na uzito ukabaki kwa wachache.

Mpaka jangwani. Palm Desert, California, kama kilomita 200 mashariki ya Los Angeles. Mji mdogo, joto la kuua, vijana hawana ukumbi wa kupigia. Kwa hiyo wanabeba jenereta, wanaingia nalo jangwani usiku, wanachomeka amplifaya, wanapiga mpaka mafuta yaishe au polisi waje. Nikisoma habari hizi huwa nacheka kwa sababu sisi hicho kitu tunakijua kwa jina lingine, ni kigodoro. Tofauti ni kwamba kigodoro cha Manzese kina nyumba za watu kila upande, sauti inagonga ukuta inarudi. Kule jangwani hakuna ukuta, sauti ikitoka imetoka, kwa hiyo mpigaji inabidi ajaze nafasi peke yake. Kijana mmoja Josh Homme akawa anachomeka gitaa lake, limeshushwa mpaka C, kwenye amplifaya za besi badala ya za gitaa. Bendi ni Kyuss. Blues for the Red Sun ya 1992 ndo wengi wanaitaja kama mwanzo rasmi wa stona roki, na Welcome to Sky Valley ya 1994 ndo mi naipenda zaidi, na nitabishana na yeyote. Blues ina nguvu lakini inarukaruka. Sky Valley imetulia, CD yake ya mwanzo nyimbo zilishonwa kwenye mafungu matatu marefu makusudi usiweze kuruka wimbo, yaani ukae usikilize kama ulivyopikiwa. Siku hizi watu wanaruka baada ya sekunde nane, jamaa walishawaona mapema.

Mkoa huohuo wa California, San Jose, kulikuwa na watatu wengine, Sleep. Hawa walimsoma Sabbath kama msahafu. Baada ya albamu yao Holy Mountain kampuni kubwa ya kurekodi, London Records, ikawasaini, ikawapa hela, wao wakanunua amplifaya, wakaenda studio wakarudi na wimbo mmoja. Wimbo mmoja, zaidi ya saa moja, unahusu msafara wa wavuta bangi unakatiza jangwa kuelekea Nazareti, unaimbwa kwa sauti kama ya kasisi. Kampuni ikakataa kuutoa. Bendi ikavunjika. 1999 ukatoka toleo la dakika 52 kwa jina Jerusalem, na 2003 ndo likatoka lile la dakika 63 linaloitwa Dopesmoker. Hapa tena kilichoharibika, mkataba na bendi yenyewe, ndo kikageuka hadithi, na leo wimbo ambao kampuni iliona hauuziki ni kama hija kwa mashabiki. Sleep walirudi na albamu nyingine tarehe 20 Aprili 2018, tarehe ambayo wavuta bangi wa Marekani wanaifanya sikukuu, ucheshi wao ndo huo.

Sasa nimetaja makundi mengi na mtu atauliza Electric Wizard sio ni dumu metali? Ndio (sio dumu la maji jamani, doom, maangamizi). Mipaka ni hivi kwa jinsi ninavyoisikia mimi: dumu ni polepole na ina huzuni au hofu, unazikwa. Stona ina mdundo wa kutikisa kichwa, ndani yake kuna blusi, unasafirishwa. Desert roki ni ile ya Kyuss na ndugu zao, ni jina la mahali zaidi kuliko la sauti. Na bendi nzuri nyingi zinavuka mipaka hii kila wimbo, kwa hiyo ukikutana na mtu anagombana saa nzima kuhusu bendi fulani iwekwe boksi gani, mwache aendelee, we sikiliza.

Kitu ninachokipenda zaidi kwenye hii stori yote kipo upande wetu. Wakati Sabbath wanauza Ulaya, Zambia kulikuwa na Zamrock, yaani roki ya Zambia. Rais Kaunda aliagiza redio zipige muziki wa nyumbani asilimia 95, vijana wakaamua sawa, tutapiga roki ila itakuwa ya nyumbani. Bendi ya WITCH wakiongozwa na Emmanuel Chanda, huyo walimwita Jagari kwa sababu ya Mick Jagger, muimbaji wa Rolling Stones, wakatoa Lazy Bones!! 1975, mwaka huohuo Amanaz wakatoa Africa, na kulikuwa na Paul Ngozi na fazi yake chafu kabisa. Weka Amanaz karibu na Kyuss uniambie kama hawa sio ndugu. Sisemi vijana wa Palm Desert waliwasikia, santuri za Zambia hazikufika huko wakati huo, ila walikunywa kisima kimoja, Sabbath na yule mpiga gitaa wa Marekani, Jimi Hendrix. Alafu bei ya shaba ikaanguka, hela ikakata, na baadaye ukimwi ukachukua wanamuziki wengi wa kizazi kile. Jagari akaishia kuchimba vito, mpaka wageni walipoanza kuzitafuta zile santuri na kuzitoa upya, na 2023 WITCH wakatoa albamu mpya, Zango.

Shaba hiyohiyo ilikuwa inashuka na reli ya TAZARA kuja bandari yetu hapa. Na muziki nao ulitembea. Mwaka 1970 hapa Dar ilianzishwa bendi inaitwa Sunburst, Watanzania wamechanganyika na Wakongo na Wazambia, wanapiga roki na soul na ngoma za kwetu, na albamu yao Ave Africa ya 1976 ikatokea Zambia sio Tanzania. Imetolewa upya London 2016 na lebo ya Strut. Sio stona, ni nyepesi na ina furaha zaidi, lakini gitaa lina vumbi lilelile. Nikimtajia mtu roki na Tanzania jibu ni moja tu, Freddie Mercury kazaliwa Zanzibar. Sawa, kazaliwa. Sunburst walikuwa wanapiga humuhumu mjini.

Mduara mwingine unafungwa na Tinariwen, Watuareg wa kaskazini ya Mali, magitaa yao yanazunguka kwenye rifu moja kama ngamia anavyotembea. Vita ilipowazuia kurekodi nyumbani walienda kurekodi Emmaar, iliyotoka 2014, Joshua Tree, California, yaani jirani kabisa na kule kwenye majenereta ya kina Homme. Elwan ya 2017 sehemu yake walirekodi Rancho de la Luna, studio ileile ambako Homme alikuwa anakusanya wenzake kupiga. Sahara imeenda kusalimia jangwa lingine, na ukisikiliza unaona hawakuhitaji mkalimani.

Ukitaka kuanza, usianze na Dopethrone kama nilivyomfanyia mzee, ule ulikuwa ukatili. Anza na Songs for the Deaf ya Queens of the Stone Age, 2002, ndo bendi ya Homme baada ya Kyuss, Dave Grohl yuko kwenye dramu, na albamu imepangwa kama mtu anaendesha gari kutoka Los Angeles kuingia jangwani huku anabadilisha stesheni za redio. Nyimbo ni fupi, zina nyama. Ukishiba hapo rudi Master of Reality, alafu Sky Valley, alafu vuka uende kwa Amanaz upumzishe shingo. Na tafadhali usisikilize kwa spika ya simu, nilikwambia gitaa linashuka mpaka 65, na spika ya simu huko haifiki kabisa, utasikia nzi tu amekwama kwenye chupa alafu uje kusema muziki mbaya. Tafuta earphone za maana au sabufa, sauti ya wastani, majirani wana haki zao.

Dopesmoker iache ya mwisho, siku unayopanda daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni ya Ijumaa kutoka Kariakoo. Anza wimbo mlango ukifungwa. Ukifika Rangi Tatu msafara utakuwa bado haujafika Nazareti.